Dawa za zamani kwa ugonjwa mpya: zipi zilisaidia?

Katika ukurasa huu wa afya tunazungumza juu ya jambo linalogusa kila familia. Ugonjwa mpya wa kifua unapoingia nchini, je, yafaa kutumia dawa tulizo nazo tayari nyumbani au katika duka la dawa? Tutachukua mfano wa UVIKO-19, ambao wengi tunauita Korona, kwa sababu dawa nyingi za zamani zilijaribiwa juu yake na majibu yake yanajulikana. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba hali ya dharura imekwisha, lakini virusi vyake bado vinazunguka pamoja na vile vya mafua. Tena hatujui ugonjwa gani utafuata. Basi tujifunze mapema.

Njia ya watu ni njia ya magonjwa

Sisi wa Tabora tunaishi kwenye njia panda. Misafara ya zamani ilitoka Bagamoyo, ikapumzika Unyanyembe, kisha ikaendelea Ujiji au ikageuka kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi walibeba nguo, shanga na pembe za ndovu. Pamoja na mizigo hiyo walisafiri pia ndui na kipindupindu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mafua makali ya 1918 na 1919 yakaenea katika Afrika Mashariki kwa meli, kwa treni na kwa askari waliorudi makwao. Katika Tanganyika peke yake yaliua makumi ya maelfu ya watu.

Dawa nazo zilisafiri kwa njia hiyo hiyo. Dakta Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872, alitibu homa kwa vidonge vya kwinini iliyochanganywa na dawa za kuharisha. Kwinini ni dawa ya kweli ya malaria. Lakini mafua ya 1918 yalipokuja, madaktari wengi duniani waliwapa wagonjwa wa mafua kwinini ile ile, na haikuzuia vifo. Mgonjwa wa malaria ana homa, na mgonjwa wa mafua ana homa, lakini kinachosababisha homa hizo si kimoja. Malaria huletwa na kimelea kinachoishi ndani ya damu, na mafua huletwa na virusi vinavyoshambulia njia ya hewa. Dawa hupambana na chanzo cha homa, wala si homa yenyewe.

Baada ya miaka mia moja jambo lile lile lilijirudia kwetu. UVIKO-19 ilithibitishwa Tanzania kwa mara ya kwanza tarehe 16 Machi 2020. Mwanzoni mwa mwaka 2021 wimbi jingine lilitupiga vibaya. Mwezi Machi mwaka huo Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, Padre Charles Kitima, alisema kwamba katika miezi miwili tu zaidi ya mapadre 25 na masista 60 walikuwa wamefariki, baada ya kupata shida ya kupumua. Katika hofu ya namna hiyo nani asingetafuta kidonge chochote kilicho karibu?

Si kosa kufikiria dawa za zamani

Tusiwacheke waliofikiria hivyo. Kutafuta msaada katika dawa iliyopo ni jambo la busara. Dawa mpya huchukua miaka kutengenezwa, tena huwa ghali. Dawa ya zamani inajulikana kipimo chake na madhara yake, bei yake ni nafuu, na hata zahanati ya kijijini inaweza kuwa nayo. Ndiyo maana wataalamu wenyewe walianza huko. Mwishoni mwa mwaka 2020 nchi 13 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Kongo, zilianzisha pamoja utafiti ulioitwa ANTICOV. Shabaha yake ilikuwa kupata dawa ya kumpa mgonjwa mapema, angali nyumbani, ili asifikie hatua ya kuhitaji kitanda na oksijeni.

Basi kufikiria dawa ya zamani si kosa. Kosa ni kuimeza kabla haijapimwa kwa ugonjwa huo.

Dawa inapimwaje?

Tuchukue mfano wa kubuni. Katika kijiji kimoja watu 100 wanapata ugonjwa wa kifua, na wote wanakunywa dawa fulani. Watu 95 wanapona. Kijiji kizima kitasema: "Dawa hii ni kiboko!" Lakini je, kama wasingekunywa kitu chochote, wangepona wangapi? Kwa magonjwa mengi ya virusi, walio wengi hupona wenyewe kwa nguvu ya mwili. Huenda hata bila dawa wangepona wale wale 95.

Ili kujua ukweli inatakiwa kulinganisha. Wagonjwa wanagawanywa kwa kura. Nusu wanapewa dawa, na nusu wanapewa kidonge kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani yake. Mgonjwa hajui amepata kipi, wala anayemhudumia hajui. Mwishoni wanahesabu: katika kila kundi wamelazwa wangapi, na wamekufa wangapi? Tofauti ikiwa kubwa, dawa inafaa. Makundi yakilingana, dawa haikufanya kitu.

Kura ina maana yake. Kama mtu mwenyewe angechagua, huenda dawa ingechukuliwa zaidi na vijana wenye nguvu, au na wenye fedha wanaowahi hospitali. Hao wangepona hata hivyo, na dawa ingepewa sifa isiyo yake.

Majibu ya dawa moja moja

*1. Klorokwini na haidroksiklorokwini.* Klorokwini ni jamaa wa kwinini. Wazee wetu wanaikumbuka, maana ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini mpaka 2001, ilipoachwa kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Mwaka 2020 ilionekana kuzuia virusi vya Korona ndani ya chupa za maabara, na dunia nzima ikaikimbilia. Lakini chembe zilizotumika maabara zilikuwa za figo ya nyani. Katika chembe za mapafu ya binadamu virusi huingia kwa mlango mwingine, na dawa hii haiwezi kuufunga. Uingereza walipolinganisha wagonjwa waliolazwa, waliopata haidroksiklorokwini walikufa 27 katika kila 100, na wasioipata 25. Haikuokoa mtu. Kwa wagonjwa wa nyumbani nako, tafiti hazikuonyesha faida. Zaidi ya hayo, klorokwini ikizidi huharibu mapigo ya moyo. Mjini Lagos, Nigeria, watu walilazwa Machi 2020 kwa kuimeza ovyo.

*2. Azithromaisini,* ambayo wengi wanaiita azuma. Hii ni dawa ya kuua bakteria. Korona na mafua huletwa na virusi, si bakteria. Utafiti wa Uingereza kwa wagonjwa waliokaa nyumbani, uliotolewa Machi 2021, ulionyesha kwamba haikuharakisha kupona. Doksisaiklini nayo ikawa hivyo hivyo. Hasara yake ni kwamba bakteria huizoea dawa inayotumiwa ovyo. Siku mtoto atakapopata ugonjwa unaoihitaji kweli, itakuwa haina nguvu.

*3. Ivermektini.* Hii ni dawa njema sana kwa kazi yake. Inatumika katika kingatiba ya usubi na ya matende, na waliovumbua asili yake walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa Korona ilianza kusifiwa baada ya jaribio la maabara huko Australia. Lakini kiasi kilichotumika maabara kilikuwa kikubwa kuliko kinachoweza kufikiwa mwilini kwa vipimo vya kawaida. Taarifa moja kutoka Misri iliyoisifu sana iliondolewa Julai 2021 kwa sababu takwimu zake zilitiliwa mashaka. Ndipo Brazil wakagawa kwa kura wagonjwa 1,358 wa nje. Katika 679 waliopata ivermektini, waliozidiwa hata kulazwa au kuwekwa chini ya uangalizi kwa saa nyingi walikuwa 100. Katika 679 wasioipata walikuwa 111. Tofauti ndogo hivyo yaweza kutokea kwa bahati tu. Tafiti mbili kubwa za Marekani za mwaka 2022 nazo hazikuona faida.

*4. Fluvoksamini.* Ni dawa ya ugonjwa wa sonona, yaani huzuni kubwa isiyoisha. Huko huko Brazil ilionyesha matumaini: waliozidiwa walikuwa 79 kati ya 741 waliopewa dawa, na 119 kati ya 756 wasiopewa. Lakini tafiti za Marekani zilizofuata hazikuona faida hiyo. Kwa hiyo jibu lake ni la mashaka. Si dawa ya kununua bila cheti cha daktari, maana huingiliana na dawa nyingine.

*5. Budesonidi ya kuvuta.* Hii ni dawa ya pumu inayovutwa kwa pampu. Uingereza waliwapa wagonjwa wa nyumbani wenye miaka 65 au zaidi, na wale wa kuanzia miaka 50 wenye magonjwa mengine. Walipona mapema kwa takriban siku tatu kuliko wenzao. Ni faida ya kweli lakini ya kiasi. Haikuthibitika wazi kwamba inazuia kulazwa.

*6. Metformini.* Ni dawa ya kisukari, inapatikana sehemu nyingi na ni rahisi. Utafiti wa Marekani uliotolewa 2022 ulilinganisha metformini, ivermektini na fluvoksamini kwa watu wazima wanene kupita kiasi. Katika lengo kuu la utafiti huo hakuna hata moja iliyofaulu. Lakini wagonjwa walipofuatiliwa kwa miezi kumi, waliotumia metformini walibaki na uchovu na matatizo ya muda mrefu ya Korona 6 katika kila 100, na wasioitumia 10. Jibu hilo linatia moyo. Hata hivyo halimpi mtu ruhusa ya kuchukua vidonge vya kisukari vya mama mkwe.

*7. Deksamethasoni.* Hapa tunaomba msomaji asome kwa makini, maana dawa hii inaokoa na inaweza pia kudhuru. Ni dawa ya siku nyingi, ya bei ndogo. Juni 2020 Uingereza walitangaza kwamba kwa wagonjwa waliowekewa mashine ya kupumulia, vifo vilishuka kutoka 41 hadi 29 katika kila 100. Huo ulikuwa ushindi mkubwa wa dawa ya zamani. Lakini kwa waliolazwa ambao hawakuhitaji oksijeni hakukuwa na faida yoyote, na hesabu zilielekea upande wa madhara.

Kwa nini iwe hivyo? Siku za kwanza virusi vinazaana, na askari wa mwili wanavipiga vita. Deksamethasoni huwatuliza askari hao. Ukiimeza siku hizo, unawafunga mikono wakati adui yumo ndani. Baadaye, kwa wachache, askari hao hupita kiasi na kuanza kuchoma mapafu yenyewe. Hapo kuwatuliza kunaokoa maisha. Kidonge ni kile kile, ila wakati umebadilika. Kwa sababu hiyo dawa hii ni ya hospitali, chini ya uangalizi, kwa mgonjwa aliyepungukiwa oksijeni.

Zipo pia dawa mpya za kushambulia virusi vya Korona, ambazo huanzwa ndani ya siku tano za kwanza kwa watu walio katika hatari kubwa. Hizo ni ghali na hazipatikani kila mahali. Daktari ndiye wa kuulizwa.

Na dawa za nyumbani je?

*Nyungu.* Mvuke hulegeza makamasi na kumpa mtu nafuu ya muda, lakini hauui virusi vilivyo ndani ya mapafu. Maji ya moto yamewaunguza watoto wengi. Mtoto asifunikwe blanketi juu ya sufuria inayochemka.

*Artemisia.* Mei 2020 serikali yetu ilituma ndege Madagaska kuchukua kinywaji kilichotengenezwa kwa mmea huu. Kinywaji hicho kilianza kutumika kabla ya kulinganishwa kwa njia tuliyoeleza. Tena mmea huu ndio asili ya dawa mseto ya malaria. Tukiunywa ovyo kama chai, tunaweza kuvizoesha vimelea vya malaria dawa tunayoitegemea.

*Asali.* Hapa watu wa Tabora, Sikonge na Urambo tuna neema. Tafiti zimeonyesha kwamba asali hupunguza kikohozi cha mafua kuliko matunzo ya kawaida. Haiui virusi, bali hutuliza koo. Kijiko kimoja chatosha. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, maana inaweza kuwa na vijidudu vinavyomletea sumu ya kupooza.

Tumtunze vipi mgonjwa nyumbani?

Kwanza, homa ipimwe. Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi. Usiseme "ni Korona tu" wala "ni malaria tu" kabla ya kupima. Mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe pia kifua kikuu.

Pili, mgonjwa apumzike, anywe maji na uji wa kutosha, na ale anachoweza. Kwa homa na maumivu parasetamoli inatosha. Mtu mzima anywe kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, wala asizidishe vidonge 8 kwa siku nzima. Watoto wenye mafua wasipewe aspirini.

Tatu, afungue madirisha, afunike mdomo anapokohoa, na avae barakoa akiwa karibu na wazee.

Nne, anayetumia dawa za presha, kisukari, pumu au za kupunguza makali ya VVU asiziache.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: wa nyumbani wazijue dalili za hatari. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, hata usiku, akionyesha mojawapo ya haya:

- Mtu mzima anahema akiwa amekaa tu, au anapumua mara 30 au zaidi kwa dakika, au hawezi kumaliza sentensi.
- Midomo imegeuka rangi, kifua kinabana, au amechanganyikiwa.
- Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anapumua mara 50 au zaidi kwa dakika. Wa mwaka 1 hadi 5 mara 40 au zaidi. Aliye chini ya miezi 2 mara 60 au zaidi. Mhesabu kwa dakika nzima akiwa ametulia.
- Kifua cha mtoto kinabonyea ndani anapovuta hewa.
- Mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea sana.

Wengi waliopotea hawakuuawa na kidonge walichomeza. Waliuawa na siku walizopoteza wakikingojea kifanye kazi. Mtu alinunua azuma siku ya tatu, akaongeza ivermektini siku ya tano, akajifukiza siku ya saba, na alipofikishwa hospitali siku ya tisa mapafu yalikuwa yamechoka. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Anayeyafunika kwa vidonge visivyofaa naye anayaficha.

Chanjo

Julai 2021 nchi yetu ilipokea dozi zaidi ya milioni moja za chanjo, na Rais Samia Suluhu Hassan alizindua uchanjaji tarehe 28 mwezi huo kwa kuchanjwa hadharani. Chanjo nazo zilipimwa kwa kura, kama tulivyoeleza, na zilipunguza sana ugonjwa mkali na vifo. Wazee na wenye magonjwa ya kudumu waulize katika kituo cha afya kuhusu chanjo zinazopatikana.

Tukumbuke

Siku ugonjwa mwingine utakapopita kwenye njia yetu hii, utasikia tena kwamba dawa fulani imeponya watu. Huenda ikawa kweli, kama ilivyokuwa kwa deksamethasoni. Huenda isiwe kweli, kama kwinini ya 1918. Muulize anayekuambia maswali matatu: Imelinganishwa na nini? Ilipewa wagonjwa wa namna gani, wa nyumbani au wa hospitali? Ilipewa siku ya ngapi ya ugonjwa? Asipoweza kujibu, weka fedha yako kwa ajili ya nauli ya kwenda hospitali.

Maswali ya kujadiliana katika familia na katika jumuiya

1. Nyumbani kwetu kuna dawa zipi zilizobaki? Tunajua kila moja ni ya ugonjwa gani?
2. Kwa nini dawa moja inaweza kumwokoa mgonjwa wa hospitali na kumdhuru wa nyumbani?
3. Nani katika familia anajua kuhesabu pumzi za mtoto? Jifunzeni leo kwa kutumia saa.
4. Mtu akizidiwa usiku, tutampeleka wapi, kwa usafiri gani, na nani atasaidia nauli?